Kadi ya Safari ya Vwawa

Mwalimu mkuu Jonasi alimweleza mwalimu Ferista, mpimaji wa kusoma, shauri lile kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kulikata. Nuria Abdulrahim wa darasa la saba alikuwa hatoki nje ya watano bora katika majaribio ya darasani kwa miaka miwili. Mwezi wa nne ukaja mtihani wa majaribio wa wilaya. Madawati yaliachanishwa, kila mtoto akaketi peke yake, na wasimamizi wakaletwa kutoka shule nyingine. Katika Maarifa ya Jamii, Nuria alipata kumi na moja kati ya hamsini. Ruti, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tano, alipata thelathini na nane.

"Hesabu hiyo haihitaji chuo," alisema Jonasi. "Alikuwa akinakili. Ila mratibu wa elimu wa kata anataka kila aliyepata chini ya kumi na tano apimwe kusoma kwanza. Basi mpime. Kama hajui kusoma, ni wa kwako. Kama anajua, ni mwizi."

Kamati ya shule ingekaa Ijumaa. Adhabu ilikuwa imeshapangwa: viboko mstarini, na jina la Nuria kuondolewa kwenye orodha ya watahiniwa kabla orodha hiyo haijapelekwa wilayani, ili arudie darasa la sita. Mama yake, Zaitun, muuza vitenge, alikuwa ameshatoa jibu lake. Mtoto wake akirudishwa darasa, shule basi. Atakwenda kukaa dukani Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na hatarudi.

Hiyo ilikuwa Jumanne, Mei 2013, mjini Tunduma. Mwalimu Ferista alikuwa na cheti cha elimu maalumu na pikipiki ya kukodi, na kwa vitu hivyo viwili alizungukia shule za msingi za wilaya nzima akipima watoto walioshindwa kusoma. Walimu walimtania kuwa ni daktari wa vichwa. Hakujali utani. Alichojali ni kwamba shule nyingi zilimwita zikiwa zimeshaamua, na zilitaka saini yake tu.

Alipewa chumba cha stoo, kati ya majembe na mabati ya akiba. Alipima watoto wanne. Njia yake ilikuwa ileile siku zote. Mtoto hupewa kadi yenye hadithi fupi ya sentensi nane. Yeye Ferista hushika karatasi yake yenye hadithi hiyohiyo, saa mkononi, na kila neno linalokosewa au kurukwa hulichora mstari. Kadi zake za zamani zilikuwa zimechakaa, kwa hiyo wiki hiyo alikuwa amepigisha chapa mpya katika duka la stesheneri karibu na kituo cha malori.

Mtoto wa kwanza hakuweza kuanza. Wa pili alikwama sentensi ya pili. Wa tatu alifika ya tatu, akaanza kulia, na Ferista akamwachia. Kisha akaingia Nuria.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, mrefu, mtandio wake umebanwa vizuri. Aliamkia, akaketi, akaipokea kadi na kuiweka juu ya meza mbele yake.

"Mwalimu, hii ndiyo ile ya kwenda Vwawa?"

"Ndiyo. Anza ukiwa tayari."

Nuria aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza. Siku ya gulio, Nesta na kaka yake walikwenda Vwawa. Walibeba kikapu cha mahindi mabichi. Njiani mvua kubwa ilinyesha. Mto ulijaa maji. Waliingia katika nyumba ya jirani wakangoja. Jioni maji yalipungua. Wakavuka mto. Walifika Vwawa gulio limekwisha. Sauti yake haikuyumba, na kidole kilikwenda pamoja nayo mpaka mwisho. Sekunde ishirini na sita. Kwenye karatasi ya Ferista hapakuwa na mchoro hata mmoja.

Ferista aliandika alichokipima: anasoma bila kosa, kwa kasi inayotosha. Alitia saini, akampa Jonasi nakala. Jonasi aliisoma mara mbili, akaifunga kwenye faili na kusema kwamba hivyo ndivyo alivyotarajia.

*

Saa kumi jioni ya siku ileile Zaitun alifika kwenye nyumba aliyopanga Ferista, mtaa wa pili kutoka reli. Alikuwa na mfuko mweusi wa nailoni. Alikaribishwa kiti, akakaa ukingoni.

"Wewe ndiye unayepima akili?"

"Napima kusoma, mama Nuria."

"Kwenu hivyo si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja."

"Basi wewe ni wa kwanza kuniambia."

Akauliza alichoandika. Ferista hakuona sababu ya kumficha mzazi habari za mtoto wake. Alimweleza kuwa Nuria amesoma hadithi yote bila kosa. Alitarajia afurahi, au alie, kwa kuwa maana ya taarifa ile katika shauri la Ijumaa ilikuwa wazi. Zaitun hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama Ferista kwa muda, kama anavyotazamwa mteja anayedai kitenge kimechuja wakati hakijawahi kulowa.

"Ulimwona akisoma?"

"Nilimsikia. Nilikaa mbele yake."

"Hadithi nzima."

"Nzima."

Zaitun aliufungua mfuko akatoa doti moja ya kitenge kizito, cha Kongo, akakiweka mezani. Hakusema ni cha nini. Ferista akakirudisha mfukoni kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia kuwa hapokei kitu kwa mzazi yeyote, wala taarifa iliyosainiwa haibadilishwi kwa kitenge. Zaitun akatikisa kichwa polepole.

"Aliyekwisha kula hana njaa," alisema. "Mwalimu mkuu kakupa nini?"

Ferista alimwambia kuwa hajapewa kitu. Zaitun akajibu kuwa basi kazi ya uongo anaifanya bure, na hiyo ni mbaya zaidi. Mwanawe si mwizi. Ferista akauliza, kwa utulivu, kama si mwizi majibu ya miaka miwili aliyapata wapi.

"Kichwani," alisema Zaitun. Akabeba mfuko wake akaondoka. Barazani alikuwepo mwalimu Barnaba, mwalimu wa darasa la Nuria, aliyepanga nyumba ya jirani. Alikuwa anaosha baiskeli. Alimwamkia mama yule, akautazama mfuko.

Ferista alibaki na swali moja lililomsumbua. Mzazi wa mwizi hukana wizi. Huyu alikana kusoma. Kwa nini mama amwite mwongo mtu anayesema mwanawe anasoma vizuri? Alifikiria kwamba labda Zaitun alipendelea mtoto aonekane mgonjwa kuliko mwizi, kisha akakumbuka alivyouliza kuhusu kupima akili, na jinsi alivyokaa ukingoni mwa kiti. Maelezo hayo hayakukaa sawa. Aliyaacha.

*

Alhamisi alikuwa shule ya Msangano. Shule ile ilikuwa na watoto wawili tu wa kupimwa, akawamaliza kabla ya saa nne. Kwa desturi yake, kila alipoanza kutumia kadi mpya aliwasomesha pia watoto watatu wanaojulikana kuwa wasomaji wazuri, ili apate kipimo cha kulinganishia. Ilipasa afanye hivyo Tunduma. Hakufanya, kwa kuwa pikipiki ilikuwa inamsubiri.

Mtoto wa kwanza, wa darasa la nne, alisoma vizuri ila aliruka sentensi ya tano. Ferista akaichora. Wa pili naye akaruka sentensi ya tano. Ferista akaichora, akamwangalia yule mtoto usoni. Akashuku kuwa wanaambizana dirishani. Alimtoa nje aliyekuwa akisubiri, akafunga dirisha, akamwita wa tatu kutoka darasa jingine kabisa. Wa tatu akatoka sentensi ya nne moja kwa moja hadi ya sita.

Wasomaji watatu wazuri hawaruki mstari uleule. Ferista aliinyanyua kadi akaisoma yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ilipotoka kwa mpiga chapa. Mto ulijaa maji. Jioni maji yalipungua. Nyumba ya jirani haikuwemo. Mpiga chapa alikuwa ameiruka sentensi hiyo, na yeye alikuwa akifuata kwenye karatasi yake ya zamani iliyokuwa kamili. Hadithi ilikwenda vizuri bila sentensi ile, kwa hiyo mpiga chapa naye hakugundua.

Akakaa chini. Watoto watatu wa mwanzo kule Tunduma, ambao hawakuuliza ni hadithi gani, hawakufika sentensi ya tano. Nuria alifika. Nuria aliisoma.

Alichukua dakika chache tu kulipanga jambo lote, na kila hatua ilikuwa ya kumfedhehesha. Hadithi ya safari ya Vwawa ilitungwa na walimu wa Mbozi zamani, Tunduma ikiwa bado chini ya wilaya hiyo, ikaenea shule hadi shule kwa kunakiliwa ubaoni. Darasa la pili lote huiimba: mwalimu anaonyesha kwa fimbo, watoto themanini wanaitikia kwa sauti moja, asubuhi baada ya asubuhi. Yeye mwenyewe aliimba hadithi ileile shuleni Igamba akiwa na miaka minane. Hakuna mtoto aliyemaliza darasa la pili upande ule asiyeijua kwa moyo. Na mtu aliyetumwa kupima kusoma alikuwa ametumia kadi hiyo kwa miaka minne, kwa sababu ilikuwepo. Isitoshe, Nuria, ambaye bila shaka aliwasikia wenzake kutoka nje, alipouliza kama ni ile ya kwenda Vwawa, yeye ndiye aliyemjibu ndiyo.

Sasa alielewa pia kwa nini Zaitun alimwita mwongo. Mama alijua.

Alimpigia Jonasi simu palepale. Jonasi alisikiliza hadi mwisho, akasema taarifa iliyosainiwa imo kwenye faili, na kwamba kama mwalimu ana taarifa nyingine aje aieleze kamati kwa mdomo wake. Kisha akauliza kama ni kweli mama Nuria alikwenda kwake Jumanne na mfuko.

*

Ijumaa asubuhi Ferista alimwita Nuria stoo. Alimweleza bila kuzunguka. Akaiweka kadi mezani, akaonyesha mahali ambapo sentensi ya tano ingepaswa kuwepo. Nuria aliitazama kadi muda mrefu, jambo lililokuwa bure, na wote wawili walijua hivyo.

"Sasa mwalimu unataka nini?"

"Nataka kujua."

"Ukishajua utaandika."

"Nitaandika."

"Basi usijue."

Ferista akamwuliza kama anafahamu adhabu iliyopangwa. Nuria alifahamu zaidi yake. Aliitaja hadi idadi ya viboko. Alisema amekwisha kufikiri. Alizungumza bila haraka, kwa Kiswahili safi cha mtoto aliyekulia dukani. Wateja wa Zambia aliwahudumia kwa Kibemba, na mabibi wa Kinamwanga kwa lugha yao. Kila alichowahi kusikia kilibaki kwake, hata bei za mwaka wa jana na majina ya watoto wa wateja.

"Mwizi anachapwa siku moja, yanakwisha," alisema. "Wa kitengo wanaitwa majina mpaka wanamaliza shule."

Kitengo kilikuwa chumba nyuma ya jiko la shule. Walikaa humo watoto kumi na mmoja, wenye ulemavu wa kila aina, chini ya mwalimu mmoja aliyekuwa anasubiri uhamisho. Wapita njia waliwachungulia. Ferista hakuweza kumwambia kuwa si kweli.

Alimwambia mambo matatu aliyoweza kuyasimamia. Taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo na ina saini yake, kwa hiyo ataifuta, apende asipende mtu. Pili, hali ya mtoto mwenye akili ambaye maandishi humshinda, chuoni huitwa disleksia. Si ujinga wala ugonjwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye nayo akae kitengo, hivyo ataandika abaki darasani kwake. La tatu, hatamsomesha mbele ya watu.

"Hata mara ya kwanza uliandika," alisema Nuria, akaomba ruhusa ya kurudi darasani.

*

Kamati ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu baada ya swala ya Ijumaa, kwa kuwa Zaitun alikataa kuja kabla. Mwenyekiti alikuwa mzee Luka, mkulima wa mahindi, karani mstaafu wa ushirika. Barnaba alikaa dirishani. Zaitun alikaa karibu na mlango.

Ferista alieleza kosa lake kwanza, kwa mpangilio, kama vile lilikuwa la mtu mwingine. Alipomaliza, Jonasi alisema kuwa yeye hana elimu maalumu, ana macho tu. Jumanne taarifa ilisema binti anasoma. Jumanne ileile jioni mama wa binti aliingia nyumbani kwa mpimaji na mfuko. Ijumaa taarifa inasema binti hasomi. Alimwomba mwenyekiti aziunganishe siku hizo mwenyewe.

"Aliingia na mfuko akatoka nao," alisema Ferista. "Mwalimu Barnaba alikuwepo nje."

Barnaba akakohoa. Akakubali kwamba mfuko ulitoka, na kwamba haukuonekana kupungua. Zaitun, pale mlangoni, akasema kuwa kitenge bado anacho na kama mwalimu mkuu anakitaka kipo sokoni. Mzee Luka akamwomba anyamaze, lakini alikuwa anacheka.

Jonasi hakucheka. Alisema hata mfuko ukiwekwa kando, mtoto anaweza kujifanya hajui. Kuonyesha kwamba unajua ni rahisi, unasoma. Nani ataonyesha kwamba hajui? Ferista alikiri kuwa hoja hiyo ni ya haki, na kwamba angekuwa yeye angeiuliza vilevile. Ndiyo maana alileta kadi. Aliiweka mbele ya mzee Luka pamoja na karatasi yake ya zamani, akamwomba atafute tofauti. Mzee alivaa miwani, akafuata kwa kalamu, akaikuta.

"Mtu anayejifanya hajui angekwama makusudi," alisema Ferista. "Huyu alisoma mstari ambao haumo. Alikuwa anajifanya anajua."

Kisha akamgeukia Barnaba, akamwuliza majaribio ya darasani hufanywaje. Barnaba alijibu kwa tahadhari, akidhani sasa ni zamu yake ya kushtakiwa. Karatasi za kudurufu huisha mwezi wa pili. Ubao unabeba maswali kumi. Kwa hiyo yeye huyasoma maswali kwa sauti, kila swali mara mbili, na machaguo yake manne. Watoto huandika namba na herufi tu. Amefanya hivyo miaka sita. Alisema kwamba hakuna mwongozo unaokataza.

Hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja mle ofisini alikumbuka kuwa amelijua jambo hilo siku zote. Mtihani wa wilaya ulikuwa wa kwanza kwa Nuria kupewa karatasi iliyopigwa chapa na kuachwa nayo peke yake.

Ferista alikuwa na mambo mawili zaidi. Alikuwa amelinganisha daftari za majaribio matatu ya mwisho. Nuria alikosa maswali tisa, Ruti kumi na manne, na ni swali moja tu walilokosa wote wawili. Majibu sahihi hufanana kwa kila anayejua, alisema. Anayenakili hujulikana kwa makosa. Na karatasi ya Hisabati ya mtihani wa wilaya, ambayo hakuna aliyemwonyesha Jumanne na ambayo yeye hakuiomba, ilikuwa na maswali ya tarakimu tupu ishirini na mbili. Nuria aliyapata yote. Ya maelezo hakupata hata moja.

Jonasi aliichukua karatasi ya Hisabati akaipitia mwenyewe kwa kidole, swali kwa swali. Alichukua muda. Ferista aliona kwamba mtu huyu hakuwa na chuki na mtoto. Alikuwa tu amedanganywa mara nyingi, na wazazi, na wakaguzi, na watu wenye vyeti.

"Aitwe," alisema Jonasi.

Alifungua kabati, akatoa mtihani wa shule nyingine wa mwaka uliopita, ambao haukuwahi kutolewa pale. Alichagua maswali ishirini kwa kurukaruka. Barnaba hakuruhusiwa kuyasoma. Aliyasoma mzee Luka, polepole, lafudhi yake ya Kinyiha ikivuta kila mwisho wa sentensi, na Nuria akasimama mbele ya meza akajibu herufi baada ya herufi huku akitazama ukuta. Kumi na saba sahihi. Mzee Luka alisema kwamba matatu kati ya hayo yeye asingeyaweza.

Ferista alidhani yamekwisha. Jonasi akamnyooshea Nuria ile karatasi.

"La ishirini na moja soma mwenyewe."

"Niliahidi hatasomeshwa mbele ya watu," alisema Ferista.

"Uliahidi wewe. Mimi sikuahidi."

Nuria aliipokea karatasi. Ferista alimtazama, akajua kwamba njia ya kujificha bado ipo. Mtoto angeweza kukataa kama mkaidi, kunyamaza, kusema anaumwa kichwa. Jonasi angebaki na shaka yake, na shaka ingetosha aendelee kuitwa mwizi. Zaitun alikuwa amesimama. Nuria hakumwangalia mama yake. Aliitazama karatasi, midomo ikijaribu kitu, ikaacha, ikajaribu tena. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu zamani, kwa hiyo Ferista alitazama ya mkononi. Sekunde hamsini. Neno moja.

"Herufi nazijua," alisema Nuria hatimaye. "Moja moja nazijua zote. Nikifika mwisho wa neno, mwanzo wake umeshanipotea. Sijui kusoma, mwalimu. Sijawahi."

Jonasi aliichukua karatasi mkononi mwake. Alimwambia arudi darasani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwita kwa jina.

Kwenye muhtasari mzee Luka aliandika kwamba shutuma ya wizi imefutwa na jina linabaki kwenye orodha. Zaitun aliuliza kama mwanawe atapelekwa kitengo. Akajibiwa kuwa hapana. Akauliza mara ya pili, kwa maneno mengine, kama mtu anayegeuza kitambaa kutazama upande wa ndani. Akajibiwa hapana tena. Ferista angekuja Jumanne na Alhamisi baada ya masomo kumfundisha Nuria kusoma. Kuhusu mtihani wa taifa alisema ukweli: alikuwa amepiga simu wilayani kuuliza kama Nuria anaweza kusomewa maswali, na aliyepokea hakujua utaratibu wowote wa namna hiyo. Septemba karatasi ingekuwa ya chapa, na Nuria angekuwa peke yake.

*

Jumanne iliyofuata walikaa darasa la sita, lililokuwa tupu. Zaitun alifunga duka mapema, akaja, akakaa dawati la nyuma na mkoba wake magotini. Alisema amekuja kuangalia. Hakusema anachoangalia.

Ferista hakuleta hadithi yoyote ya zamani. Aliandika sentensi aliyoitunga asubuhi ile, kuhusu lori lililoharibika gurudumu mpakani, sentensi ambayo hakuna darasa lililowahi kuiimba. Aliikata silabi silabi kwa wembe, akavipanga vipande mezani. Walifanya kazi dakika arobaini. Nuria aliisoma sentensi mara moja, akakosea, akaisoma tena. Ferista aliandika muda na makosa katika daftari jipya.

"Mwalimu," alisema Nuria. "Nikifeli Septemba, wataandika nini?"

"Wataandika alama ulizopata."

"Si wizi?"

"Si wizi."

Kutoka nyuma Zaitun aliuliza kama maneno hayo yanaweza kuwekwa kwenye karatasi, yakapigwa mhuri wa shule. Ferista alisema yanaweza, na kwamba akitaka atamwandikia sasa hivi na kumsomea.

"Andika," alisema Zaitun. "Nitampa mtu mwingine anisomee. Si wewe, wala si mwalimu mkuu."

Ferista alivuta karatasi safi, akaanza kuandika.